Niliyemsimulia Habari za Wapuritani

Nilikuwa nafundisha historia katika skuli moja ya binafsi hapa mjini Nizwa, huku Uarabuni, na shoga yangu akifundisha darasa la jirani. Wazee wetu sote walikimbia Unguja wakati wa mapinduzi, kwa hiyo chumba cha walimu kikijaa Kiarabu, sisi hujibanza pembeni na Kiswahili chetu. Kila asubuhi nilimpitia kwake mtaa wa Firq kwa gari langu.

Mwaka ule darasa langu lilipangiwa kusoma makoloni ya Waingereza huko Amerika. Njiani nikamsimulia niliyoyasoma: Wapuritani, Waprotestanti walioikimbia Uingereza kwa kuteswa na kanisa la mfalme, walipotulia Massachusetts wakawageukia Waprotestanti wenzao, Wakweka. Wakawachapa viboko, wakawafukuza, na baadhi ya waliothubutu kurudi wakanyongwa.

"Masikini! Na wao si ndo kwanza wametoka kuteswa?"

"Ndo hapo. Mtu akishapata pa kukaa husahau alivyofukuzwa. Hata sisi wa Unguja tuangalie tusiwe hivyo."

Akacheka, akanipiga paja.

Siku chache baadaye mudira, mkuu wetu wa skuli, akaniita. Kwa upole kabisa alinimiminia kahawa, kisha akaniuliza kama ni kweli nawafundisha watoto Ukristo, na kama nimewafananisha watu wetu na Wapuritani. Hayo ya mwisho sikuyasema darasani. Niliyasema garini, kwa Kiswahili, na mudira Kiswahili hakijui.

Somo nikanyang'anywa. Akapewa shoga yangu.

Mchana nilimkuta kasimama ubavuni mwa gari langu, anangoja nifungue mlango.

"Umenichongea," nikamwambia.

"Wallahi sikukuchongea. Aliniuliza masomo yanakwendaje, nikasema nachelea utaingia matatani. Nilitaka kukulinda."

"Si ungeniambia mwenyewe?"

Akatazama chini. "Kazi siku hizi ngumu kupata, habibti. Mimi nina watoto."

"Na miye je?"

Nilimfungulia, maana jua lilikuwa kali. Nikamfikisha mpaka kwake. Aliposhuka akauliza, "Kesho utanipitia?" Nikamwambia atafute gari jingine.

Baadaye mwanafunzi mmoja alinieleza walichofundishwa: Wapuritani waliteswa, wakahama, wakajenga mji.

"Na Wakweka?"

"Kina nani hao, mwalimu?"

Siku hizi nafundisha skuli nyingine. Tukikutana harusini mjini Ibra, shoga yangu hunikumbatia mbele za watu. Namwacha anikumbatie.