Kibuyu cha Mama na Konokono wa Bahari

Nyumbani kwangu Nyamisangura, sebuleni, pale ambapo watu wenye akili zao huweka televisheni, mimi nimeweka bahari. Ni tangi la kioo lenye maji ya mvua niliyoyachanganya na chumvi maalumu, mawe, majani ya baharini na konokono wawili wasio na gamba. Ni wa kijani kibichi, wana madoa meupe, na ukingo wa miili yao umejikunja kama pindo la gauni, na rangi ya chungwa imepita juu yake. Aliniletea rafiki yangu anayefundisha Tanga. Aliwasafirisha ndani ya chupa ya chai ili maji yasipate joto njiani.

Mama alipokuja kutoka kijijini kwetu Kemambo kutibiwa goti, alibeba kibuyu chake cha kusukia maziwa, kimejaa maziwa ya mgando. Alisimama mbele ya tangi muda mrefu.

"Mura," aliniita, kama kwetu anavyoitwa mtoto wa kiume, "hawa wanakamuliwa?"

"Hapana, mama."

"Wanachinjwa?"

"Hapana."

"Basi wewe hufugi. Unalisha wageni."

Alinikera, sifichi. Lakini haikupita muda nikawa namkuta amevuta kigoda mbele ya kioo, anawatazama wakila. Akauliza yale mapovu ni ya nini. Nikamweleza kwamba pampu inatia hewa kwenye maji, na ikizimika kutwa nzima konokono watakosa pumzi wafe.

Siku moja nilikwenda Sirari kufuata mzigo wa duka langu, huku nyuma umeme ukakatika. Niliporudi jioni nilimkuta Mama amesimama na goti lake bovu, anachota maji ya tangi kwa kibuyu na kuyamwaga kutoka juu ili yatoe povu. Alikuwa kwenye kazi hiyo tangu asubuhi.

"Nimewapa hewa," aliniambia, uso umemng'aa.

Hapo harufu ya maziwa na moshi ikanifika puani. Kibuyu cha maziwa kwetu hakioshwi kwa sabuni, husafishwa kwa kijinga cha moto, na mafuta ya maziwa hubaki yameshika ndani. Maji ya tangi yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Konokono walikuwa chini, wamejikunyata, rangi imewapotea.

"Mama, umewatilia maziwa!" Nilipaza sauti. Hasira zangu huwa hazibishi hodi.

Akakiweka kibuyu chini. "Nimewaua?"

Nikamsogezea kigoda akae, goti lipumzike. Nilikuwa na pipa la maji ya chumvi ya akiba. Tukayapunguza yale machafu, tukamimina mapya, kisha tukapokezana kumwaga kwa jagi la plastiki mpaka umeme uliporudi. Mama hakugusa chakula.

Asubuhi aliniamsha yeye. "Mura, njoo. Wameamka."

Walikuwa wamepanda kwenye kioo, pindo zao zimefunuka, rangi imerudi. Nilimshukuru Mama hapohapo, na bado namshukuru. Kama si mkono wake, ningerudi na kukuta mizoga, na maji safi yasingenisaidia chochote.

Siku ya kuondoka kwake nilikikuta kibuyu kando ya tangi. Alikuwa amekisugua kwa mchanga na maji ya moto mpaka harufu yote ikaisha. Siagi iliyotoka ndani ya kibuyu kile ndiyo iliyonisomesha mimi.

"Hiki ni chao," alisema. "Kisitiwe maziwa tena."

Nilikataa, akanikata jicho.

Huko Kemambo sasa anasukia maziwa kwenye dumu la plastiki, na kila nikimpigia simu analalamika kwamba siagi haishikani. Kisha ananiuliza kama wageni wamekula.