Nani Amepika Chai ya Jumapili?

Mama Maximilla amekuwa mhudumu wa ofisi yetu ya umoja wa wakulima, hapa Kibondo, kwa miaka kumi na mmoja. Anafagia, anapokea wageni, anachemsha chai kwa birika la umeme. Jioni anafunika kompyuta zetu nne kwa vitambaa alivyofuma mwenyewe, vyeupe vyenye maua mekundu pembeni, kama kwao Kumsenga wanavyofunika redio. Vumbi la huku halina adabu.

Mwaka jana bei ya umeme ilipanda, ukaanza kutushinda. Uniti za mwezi mzima zilikwisha tarehe ishirini. Meneja wetu, Mzee Harerimana, ni mpole, lakini akishika jambo haachii. Alitafuta mchawi akampata upesi: birika. Akalifungia kabatini, ufunguo akatia mfukoni. Kisha akasema kama chai haipikwi, mhudumu wa kutwa nzima wa nini? Kamati ingeamua Jumatatu.

Mimi nilikuwepo. Nimekunywa chai ya yule mama miaka sita, na siku ile nilinyamaza kama sina mdomo. Naona aibu mpaka leo.

Ijumaa jioni, baada ya kufunika mashine zake, Mama Maximilla alisimama mbele ya luku, mita yetu ya umeme. Aliniomba kalamu, akaandika namba nyuma ya bahasha: sitini na moja.

"Ya nini, mama?"

"Nataka kujua birika linakula nini likiwa limefungwa."

Jumatatu asubuhi, wanakamati walipofika, alikuwa ameshaisoma luku tena.

"Mwakeye," alisalimia, akampa meneja bahasha kwa mikono miwili. "Mzee, Ijumaa tulifunga na sitini na moja. Leo nimekuta arobaini na sita. Birika liko kabatini, ufunguo unao wewe. Naomba kuuliza tu, chai ya Jumapili amepika nani?"

Akaenda hadi kwenye meza ya kwanza, akavuta kitambaa.

"Njoo ushike, mzee."

Mzee Harerimana akaweka kiganja kwenye ubavu wa mashine, akakiondoa haraka. Ilikuwa ya moto. Ilikuwa yangu. Miaka sita yote nilikuwa nabonyeza kitufe cha kioo, kioo kinakuwa cheusi, nachukua koti langu naondoka nikijiona mtu makini. Chini ya kitambaa mashine yenyewe inaendelea kunguruma usiku kucha.

"Na wewe siku zote hukujua?" meneja akamuuliza.

"Kosa langu lipo, mzee. Ijumaa ndiyo nilihisi joto mkononi. Kuzima sijui, niliambiwa nisiguse kitufe. Nilikuwa nawafunika nikidhani wamelala, kumbe nafunika taa yao ndogo isionekane."

Angeweza kunitaja. Meza yangu anaifuta kila siku, anajua ni ya nani. Lakini alisema mashine, hakusema mtu, na hilo ndilo lililonichoma.

Nikasimama. "Hiyo ni yangu, mzee. Huwa nazima kioo tu."

"Na mimi," akasema Providence wa masjala, macho chini. Wengine wawili wakafuata.

Birika lilitoka kabatini kabla wanakamati hawajaketi, na habari ya mhudumu haikutajwa tena. Siku hizi uniti zinafika mwisho wa mwezi na zinabaki.

Kuzima tulijaribu kumfundisha Mama Maximilla, akakataa, anasema hiyo si kazi yake. Kila jioni anasimama mlangoni na vitambaa vyake mkononi, na hakuna anayetoka kabla yeye hajapapasa mashine zote. Iliyozimwa anaifunika. Juzi nilimponyoka. Nilikuwa nimeshapanda bodaboda nikasikia jina langu likiitwa barabarani mbele za watu, nikarudi kuzima.

Kesho yake chai yangu ilikuja ya mwisho, haina sukari. Niliinywa yote.