Mtoto Akikuambia Upepo Umegeuka

Naikumbuka asubuhi moja ya miaka ile ya foleni za sukari na sabuni, mwanangu. Nilikuwa mwalimu kijana, mwanamke mwenye maringo kidogo, katika shule ya kijiji kando ya ziwa, si mbali na Musoma. Darasa zima lilikuwa na kitabu kimoja cha jiografia. Nilikitunza kama mboni ya jicho, na sasa naona nilizidisha.

Wiki hiyo nilikuwa nimewafundisha pepo za ziwa letu: usiku hadi asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, mchana hugeuka ukatoka majini kuja kwetu. Nilichora mishale ubaoni kwa kipande cha mwisho cha chaki. Asubuhi ninayokuambia, lori la pamba lilikuwa linakuja baada ya kukosa dizeli kwa muda mrefu, na pamba ya shamba la shule ilikuwa ng'ambo ya ghuba. Nikawapanga wanafunzi sita wa darasa la saba wakaichukue kwa mtumbwi. Usinishangae, watoto wale walishika kasia kabla ya kalamu.

Mmoja wao, Nyangeta, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wavuvi wa dagaa wamerudi mapema leo. Na upepo unatoka ziwani, wa baridi. Saa hizi hautokagi huko."

"Nyangeta, tulisoma nini jana? Asubuhi upepo unatoka wapi?"

"Nchi kavu, mwalimu."

"Basi."

Wenzake wakamcheka, nami, Mungu anisamehe, nikacheka nao. Akaenda.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mimi sikuyatazama. Mtumbwi ulikuwa haujapita mwamba wa mwisho ziwa likawa jeusi, radi ikapiga, mvua ikafunika kila kitu. Wazazi walikuja ufukweni wakikimbia. Nilisimama kwenye mvua nikihesabu vichwa sita ambavyo sikuviona, nikianza tena na tena kwa majina.

Bibi yake Nyangeta alikuja akasimama karibu nami. Nilikuwa nimemweleza kila kitu. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, sisi tulikuletea mtoto umuongezee macho. Wewe umemnyang'anya hata yale aliyokujaga nayo."

Adhuhuri walitokea kwa miguu, wamelowa, wote sita. Nyangeta alikuwa amewakataza wasikate katikati ya ghuba. Walipita kando kando ya miamba, na mtumbwi ulipojaa maji waliuacha wakapanda mawe. Nililia mbele ya wanafunzi wangu bila aibu.

Kitabu hakikudanganya, mwanangu. Kilinieleza upepo wa kila siku ili siku ukigeuka nishtuke. Yule mtoto ndiye aliyekuwa amelielewa somo. Mimi nilikuwa nimelikariri tu.

Kesho yake niliwatoa nje, nikamuuliza Nyangeta kwa upole upepo unatoka wapi. Mtoto aliyeokoa wenzake aligeuka kwanza, akachungulia dirishani kutazama mishale yangu ubaoni, ndipo akajibu.

Majuto ni mjukuu, na huyu wangu hajakoma kunitembelea. Tunasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia la mdogo je? Siku hizi mvua za vuli zinachelewa, ziwa linapanda na kushuka bila kutuaga, nami nina hofu kwa ajili ya watoto wenu. Kwa hiyo wewe unayelea au unayefundisha, mtoe mtoto nje kila asubuhi. Muulize anaona nini na ngozi yake inahisi nini, halafu ndipo ufungue kitabu. Vikipingana, usimnyamazishe: simamisha safari kwanza, mchunguze pamoja.

Mungu akujalie sikio jepesi kwa walio wadogo kwako, na kila mtoto unayemtuma majini akurudishie akiwa mzima.