Mwezi ulipomgomea mvusha watoto wa Blackburn

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mvua ya rasharasha inanyesha Blackburn, Uingereza, naye Tahira Bashir anaingia katikati ya barabara mbele ya shule. Ananyanyua kibao chake cha duara, lori la mikate linasimama, watoto wanapita.

"We Hamzah, funga zipu! Unataka mama yako akuuguze wiki nzima?" anafoka, huku akimwekea sawa mtoto mwingine kofia.

Bi Tahira, mwenye miaka 57, amewavusha watoto wa shule hii kwa miaka kumi na tisa. Ni kazi ya saa kumi kwa wiki, inayompa pauni 125. Hajawahi kukiacha kivuko bila mtu, tangu mtoto wa jirani yake alipogongwa hapo na kupoteza mguu.

Ndiyo maana Idi iliyopita nusura imtoe machozi. Mama yake, Bi Zubeida, miaka 86, alikuwa ametoka hospitali na ana ombi moja tu: kuswali Idi msikitini, baada ya kuikosa miaka minne. Wanawe wa kiume wangemfikisha mlangoni, basi. Upande wa wanawake ni Tahira pekee wa kumsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu.

Bi Tahira akaomba ruhusa ya Jumatano. Hapo ndipo alipoteleza, maana sisi Waislamu wa mji huu tunajijua: misikiti miwili mtaa mmoja, kila mmoja na mwezi wake. Msikiti wao ulisubiri, mwezi haukuonekana. Idi ikawa Alhamisi, swala saa mbili na nusu, wakati ule ule wa watoto kuvuka.

Jumatano asubuhi, akiwa na saumu yake ya thelathini, alikwenda kivukoni. Aliyeshika kibao alikuwa Doreen Haworth, miaka 72, aliyeifanya kazi hiyo kabla yake na sasa humshikia zamu.

"Umefuata nini, shoga? Si leo sikukuu yenu?"

"Mwezi haujaonekana, dada. Ni kesho."

"Mwezi! Watu walishautembelea, ninyi bado mnautafuta?"

Bi Tahira alicheka. Lakini alijua kwamba Alhamisi Doreen anakwenda ufukweni Blackpool na wenzake wa kanisani, safari waliyoingojea tangu Krismasi. Alishindwa kumwomba amshikie zamu tena. Akasema tu kwamba mama ameshapigiwa pasi nguo zake.

Doreen alivusha kundi zima la watoto kabla ya kujibu. "Blackpool haihami," alisema. "Mpeleke mama." Akapiga simu ofisini mwenyewe.

Alhamisi Bi Zubeida aliswali kwa kuketi, akalia mpaka mtandio ukalowa. "Nilidhani nimeshauaga msikiti," aliwaambia wanawake waliomzunguka.

Alasiri Bi Tahira alimpelekea Doreen sahani ya biriani kivukoni. Doreen hakuipokea.

"Kwanza nikwambie. Ulipopewa kazi hii nilimwandikia bosi barua. Nilisema mwanamke wa kujitanda mtandio madereva hawatamsimamishia gari. Nimeona haya miaka yote hii."

"Ninajua, dada. Bosi alinionyesha wiki ile ile."

"Na hukusema?"

"Ningesema lini? Ulikuwa umeshaanza kuniletea chai."

Doreen alifuta macho kwa mkono wa koti, akaichukua sahani. Mimi niliyesimuliwa nilitaka kujua kama barua ile haimuumi tena. "Iliuma," Bi Tahira anasema bila kuficha. "Lakini yaliyopita si ndwele."

Sasa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na anachokitaka ni kumpeleka mama msikitini Idi moja nyingine. Daktari haahidi kitu. Bi Zubeida husema, "Nikijaaliwa."

Watoto wakiisha kuvuka, Doreen anatokea na chai, na kalenda ya mwakani mkobani. Anaifungua kwenye mvua kutuonyesha. Amezungushia siku tatu kwa wino mwekundu, na pembeni ameandika: Mama wa Tahira.

"Mbona tatu?" anauliza Bi Tahira.

"Siwaamini ninyi na huo mwezi wenu," anasema Doreen. "Mwambie mama asithubutu kunikosesha zamu."