Matairi ya Matope Yaliyobaki Chini ya Hema

Mpira ukichomwa kidogo tu, kabla haujashika moto, hutoa harufu nzito yenye utamu wa kuchukiza, na harufu hiyo hukaa kwenye nywele siku mbili hata ukioga kwa sabuni ya kufulia. Mimi nililelewa ndani yake. Baba yangu, aliyezaliwa kwa wakulima wa kahawa, alikuwa na kibanda cha matairi pale Noonkopir, Kitengela, na wateja wake wa kila siku walikuwa wenye malori ya mchanga na wenye pikapu za nyanya na vitunguu kutoka Kimana, watu wa kuziba panchari na kuondoka. Lakini katika msimu wa mvua wa mwaka niliotimiza miaka kumi, baba alikuwa na kazi nyingine ambayo watu walikuja kuitazama kama sinema. Alikuwa akichonga matairi ya mbio za magari.

Tairi la mbio likitoka dukani huwa na meno ya kutosha kwa njia ya changarawe. Udongo mweusi wa mbuga zetu ni kitu kingine. Ukilowa, unashika tairi kama ugali unavyoshika mwiko, unajaza kila nafasi, mpaka tairi linakuwa duara la tope lisilo na jino hata moja. Baba alipasha kisu chake moto kwenye jiko la makaa, akakata mifereji mipana na mirefu ya kuelekea nje, ili tairi likizunguka liteme tope badala ya kulibeba. Mistari niliichora mimi kwa chaki. Macho ya baba hayakuwa mazuri kwa vitu vya karibu, na alikuwa akisema mbele ya wateja kwamba bila Ciku angechonga mtaro wa maji machafu. Wiki nzima baada ya shule nilipiga magoti juu ya matairi manne, nikichora, naye akinifuata nyuma na kisu, mpira ukijikunja na kudondoka kama maganda ya viazi.

Matairi hayo yalikuwa ya Parsaloi. Alikuwa mtoto wa mfugaji mwenye shamba kubwa upande wa Kajiado, amesomea Nairobi, na gari lake la bluu lilikuwa limefika mbio za mwisho za mwaka akiwa amebakiza mpinzani mmoja tu, dereva wa kutoka Nairobi. Akimaliza mbele ya huyo, yeye ndiye bingwa. Noonkopir yote ilikuwa upande wake, na sababu ilikuwa moja: alikuwa wa kwetu. Akifika kibandani alinisalimia mimi kwanza kwa Kimaasai, "Supa, Ciku," nami nikajibu "Ipa" jinsi alivyonifundisha, kisha ndipo akamsalimia baba. Siku moja alivua kofia yake ya timu akanivika. Nililala nayo, na mama akaiondoa kichwani asubuhi kwa nguvu.

Siku ya mbio tulipiga hema la mafundi kwenye uwanja wa vumbi nje ya mji. Madereva walitakiwa kuzunguka mara mbili njia iliyoshuka bondeni upande wa Isinya, na kati ya mzunguko wa kwanza na wa pili wangeweza kurudi kubadilisha matairi. Baba alikuwa amepanga seti mbili chini ya hema, ya vumbi kushoto na ya matope kulia. Jua lilikuwa kali. Msoma ramani wa Parsaloi alikwenda kuchukua kadi ya muda, na kwa dakika hizo chache pale hemani tukabaki watu watatu.

"Fundi, nifungie ya vumbi," Parsaloi alisema.

"Ya matope," baba akajibu, tayari ameinama kwenye gurudumu.

"Matope gani? Angalia juu. Jua linanichoma shingo."

"Usiangalie juu. Angalia pale."

Alikuwa akionyesha ng'ombe. Kundi kubwa lilikuwa likivuka barabara kutoka upande wa bondeni, likielekea mwinuko wenye mawe, na miguu yao ilikuwa myeusi hadi magotini. Tope lilikuwa bichi, bado linang'aa.

"Huko chini kumenyesha," baba alisema. "Mtu hahamishi ng'ombe saa hii bila sababu."

Parsaloi alicheka. "Baba Ciku, hao wamekunywa maji wakakanyaga ukingo wa mto. Mimi nimezaliwa kwa ng'ombe. Wewe umezaliwa kwa kahawa."

"Basi vumilia ukaidi wa mtu wa kahawa. Weka ya matope."

"Hayo yakikimbia kwenye mawe makavu yatakatika kabla sijafika bondeni. Nifungie ya vumbi, tafadhali. Gari ni langu."

Baba aliniangalia, sijui kwa nini mimi, kisha akafunga ya vumbi. Ninayaandika maneno haya kama yalivyosemwa. Nimekuwa nayo muda mrefu na sijaongeza hata moja.

Bondeni kulikuwa kumenyesha tangu alfajiri. Watu wa pikipiki ndio waliotuletea habari kwamba gari la bluu limekaa kwenye tope kama kuku anayeatamia, na wachungaji wanalisukuma. Alipotoka, mpinzani wake alikuwa amepita zamani. Parsaloi alirudi hemani amepakaa tope hadi kwenye kope, akanyoosha kidole tu kuelekea matairi ya baba. Tuliyafunga haraka kuliko nilivyowahi kuona kazi ikifanyika. Lakini kabla mzunguko wa pili haujaanza, maji yalijaa kwenye kivuko, na wasimamizi wakaufuta mzunguko wote. Matokeo ya kwanza yakawa ndiyo matokeo. Dereva wa Nairobi akawa bingwa, na matairi yangu ya chaki yakarudi nyumbani hayajagusa tope.

Kwa wiki nyingi kibanda chetu kilikuwa bunge. Mzee Gathogo, dereva wa lori aliyestaafu, alikalia tairi kubwa kila siku kama spika. "Bingwa anapatikana barabarani, si kwa kalamu!" alipiga kelele. "Wangemwacha aende mzunguko wa pili na yale matairi ya Baba Ciku, huyo wa Nairobi angelia."

"Mzee, maji yalifika kiunoni," alimjibu Kimani, mwenye bucha ya jirani. "Ulitaka waendeshe mtumbwi?"

"Hata mtumbwi, bora uwe umechongwa hapa."

Watu walicheka, baba naye akacheka. Kisha Kimani akasema jambo lililobadilisha hewa. "Mimi wasimamizi siwalaumu. Matairi ya matope yalikuwepo tangu asubuhi, yanaota jua chini ya hema. Nani aliamua yabaki pale?" Wote wakamgeukia baba. Yeye akaendelea kusukuma pampu. "Muulizeni dereva," alisema. Nilijua angeweza kumaliza ubishi ule kwa sentensi moja, na nilijivunia kwamba hakuhitaji. Niliamini Parsaloi mwenyewe angesema.

Aliulizwa Jumapili moja, nyumbani kwa baba yake, huko Kajiado. Alikuwa amewaalika mashabiki wa Noonkopir kuwashukuru, na mbuzi watatu walichomwa chini ya miti ya miiba. Baba yake na wazee wenzake walikaa kwenye viti, sisi wengine tukakaa kwenye nyasi. Tulipokwisha kula, Mzee Gathogo aliuliza kwa sauti ya mzaha lakini akitaka jibu: "Sasa tuambie, kijana wetu. Siku ile nani alichagua matairi?"

Parsaloi alimtazama baba yake kwanza. Leo ninaelewa alichokiona. Mtoto wa mfugaji, katika ardhi ya babu zake, ameshindwa kusoma miguu ya ng'ombe, na mtu wa kahawa ameisoma. Alisimama, akaweka mkono begani kwa baba yangu, akasema polepole, kwa upole kabisa, "Msimlaumu mtu. Fundi wangu aliniambia mvua haitafika bondeni, nami nikamwamini. Binadamu hukosea. Nimeshamsamehe."

Wazee walitikisa vichwa kumsifu kwa moyo wake mkubwa. Baba aliangalia mikono yake. Mzee Gathogo, ambaye hakuwa mjinga, akanigeukia mimi. "Ciku, wewe ulikuwa hapo. Ulimsikia baba yako akisema hivyo?"

Kofia ya Parsaloi ilikuwa kichwani mwangu. Alikuwa akinitazama, si kwa vitisho, bali kama mtu anayeomba. Watu wote walinisubiri mimi, mtoto wa darasa la nne. Nikasema, "Sikusikia."

Tulirudi nyuma ya pikapu ya Kimani. Baba alikaa ameegemea ukingo, na tulipokaribia Isinya nikamuuliza kwa nini hakujibu. Alisema, "Nimekula mbuzi wake, kwao, mbele ya baba yake. Nitamwaibishaje na mafuta bado yako kwenye vidole vyangu?" Ndivyo tulivyolelewa, na hapo hakuwa ananifundisha kitu kipya. Kisha, Isinya ikiwa nyuma yetu, akasema, "Lakini mtoto anaruhusiwa kusema." Hakulirudia neno hilo tena maishani mwake. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angelirudia kila siku.

Parsaloi hakuleta tena matairi kwetu, na madereva wengine wawili waliokuwa wameanza kuulizia wakapeleka yao Nairobi. Kisu kikawa cha kukatia mipira ya manati na kandambili. Mashabiki hawakutukimbia, na pengine hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu waliendelea kuja na kukaa na kucheka. "Fundi, nianike nguo leo? Mvua itafika?" Mwenye maandazi aliuliza. Makanga wa matatu waliuliza. Baba alitabasamu kila mara na kusema, "Anika tu." Mtu aliyesoma mvua kwenye miguu ya ng'ombe akawa mzaha wa mtaa kuhusu mvua, na kila mzaha ulipopita nilitazama chini.

Baba alifariki mwaka huu, mvua zilipoanza. Parsaloi alikuja mazishini, ndevu zimekuwa nyeupe, anatembea kwa heshima ya mtu mwenye mali. Alipewa kipaza sauti. Aliongea vizuri, kwa mapenzi hata, akasema fundi alimkosesha ubingwa lakini alikuwa mtu mwema na hawakuwahi kugombana. Watu wakatabasamu katikati ya machozi. Nilimtazama usoni, nikaona kwamba hasemi uongo tena. Ameusimulia mpaka ameuamini. Nilikuwa nimejiandaa miaka yote kumkuta mwongo, na hata hilo hakuniachia.

Niliomba kipaza sauti. Nikasema baba alimwambia aweke ya matope, akamwonyesha ng'ombe, akaambiwa amezaliwa kwa kahawa. Nilikuwa hapo. Parsaloi alinitazama kwa huruma. "Ciku," alisema, "ulikuwa mtoto. Huwezi kukumbuka." Na Mzee Gathogo, ambaye sasa hashiki fimbo mwenyewe bali mjukuu wake ndiye anayemshikia, aliuliza kutoka alipokuwa amekaa, "Mbona siku ile ulisema hukusikia?"

Nilimjibu kwenye kipaza sauti, kwa kuwa mbele ya watu ndiko alikouliza. Nilisema nilisikia kila neno, na kwamba siku ile nilitaka Parsaloi anipende kuliko nilivyotaka baba yangu aaminiwe. Hakuna aliyesema amina. Mchungaji akaanzisha wimbo.

Siku hizi vijana wa Kitengela wanabishana kuhusu mbio vilevile kama zamani, nani kaibiwa ubingwa, nani kachagua tairi gani mvua ikinyesha, ila ubishi wao haumalizi hata saa moja. Ndani ya kila gari kuna kamera, maneno ya dereva na fundi yananaswa, na mtu anatoa simu, anawachezea wenzake, mambo yanaisha. Nikiwaona nawaonea wivu ambao hawawezi kuuelewa. Ubishi wa baba yangu umefufuka tangu mazishi, na nasikia kwenye bucha ya Kimani wamegawanyika, nusu wananiamini na nusu wanasema msiba umenichanganya. Siwalaumu hao wa pili. Niko na neno langu tu, na mara ya kwanza lilipohitajika, wakati baba alikuwa hai na ameketi kando yangu, nililitoa kwa mtu mwingine.