Jani la Sale kwa Baba Mkwe

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, watu wa kwetu Uru wakinung'unikia bei ya kahawa, baba mkwe alinipa kitabu. Alikuwa mwalimu mstaafu, na vitabu vyake hakuvigawa ovyo. Hata mwanawe, yaani mume wangu, hakuwahi kuazimwa. Kwa hiyo niliposhikishwa kile, kinene, chenye picha ya chombo kikipaa kati ya nyota, nilijua nimekubaliwa. Mama mkwe alikuwa jikoni akimenya ndizi. Alicheka tu, na sikujua anacheka nini.

"Nilikipata kwenye mitumba, pale mjini," akasema baba. "Kisome, mama. Kisha utanisimulia."

Kusoma napenda sana. Lakini nilizoea riwaya zetu za mapenzi na upelelezi, ambamo ukurasa wa tatu maiti keshaonekana, na wa kumi mpelelezi keshapenda asipopaswa. Hiki kilikuwa cha mambo ya angani, kwa Kiingereza, na watu wake walisafiri tu. Wakakagua mitambo, wakalala miaka mingi ndani ya masanduku ya baridi, wakaamka, wakakagua mitambo tena. Hawagombani, hawatongozani, na chakula chao kidonge. Safari ndefu namna ile, hata kituo cha kushuka na kuchimba dawa vichakani, kama abiria wa basi, hakuna! Nilikisoma kitandani kikawa kinaniangukia usoni. Mume wangu alisema tukiuze kwenye duka la dawa, kwa wasiopata usingizi.

Kila Jumapili, baada ya misa, tulikwenda kwa wakwe kula mtori wa ndizi na nyama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umefika wapi?"

"Bado wako njiani, baba."

"Hawajatua tu?"

"Hawajatua."

Mzee alitikisa kichwa kwa masikitiko, utadhani waliomo mle ni wanawe. Nami roho iliniuma. Ningemwambiaje kwamba zawadi yake imenishinda? Angeniona mkamwana wa hovyo, kichwa kimejaa mapenzi ya kwenye riwaya, na asingenipa kitabu tena. Nasema kweli, niliogopa kuliko siku ya posa.

Hatimaye wasafiri wale walitua, na walichokikuta ni barafu. Barafu! Mimi niliyekuwa nikiiona ya kilele cha Kibo kila asubuhi, bure, nikifungua dirisha. Nilikifunga kitabu pale pale, na sikukifungua tena.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwanza jikoni, nikamweleza mama mkwe yote. Aliuweka mwiko chini.

"Mpelekee sale," akasema, na nikaona anabana kicheko.

Sale si jani la mchezo kwetu Wachagga. Ukimpelekea uliyemkosea, hata awe na hasira kiasi gani, hana budi kusamehe. Nikachuma moja kwenye ua wa mpakani, nikalilaza juu ya kitabu, nikaenda kuinama mbele ya baba mkwe.

"Baba, kimenishinda. Naomba unisamehe."

Alilitazama jani, kisha kitabu.

"Walitua?"

"Walitua, baba. Wakakuta barafu tupu."

"Barafu?" akasema. "Basi wewe umefika mbali. Mimi niliwaacha wamelala kwenye masanduku, tangu mwaka juzi. Nikasema, huyu binti msomaji, atanisaidia kujua kama walifika."

Jikoni mama mkwe aliangua kicheko ambacho nadhani majirani walikisikia. Alikuwa anajua siku zote! Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta, mzigo wote wa zile Jumapili ukanitoka kifuani.

Baba mkwe peke yake hakucheka. Alilipokea jani langu, akaliweka mezani. Kisha akainuka, akavaa kofia yake ya kanisani, akatembea taratibu hadi kwenye ule ua wa mpakani. Aliporudi alikuwa ameshika jani jingine la sale, bichi, na akanipa kwa mikono miwili.