Umeme Ulivyoua Foleni ya Wasomaji wa Mwaisha

Saa mbili asubuhi mwanamume mmoja anatua debe la mahindi mlangoni mwa mashine ya kusaga ya Mlumbo, kitongoji cha mlimani kilicho juu kidogo ya Bigwa, Morogoro, pale ambapo barabara ya bodaboda inakoma na njia ya miguu inaanza. Anafuta jasho, anasalimia, kisha anakwenda moja kwa moja kwenye rafu ya mbao iliyo ukutani. Anachomoa kitabu kisicho na jalada, anakaa kwenye benchi na kuanza kutafuta pale alipoishia.

Anapaona. Anasoma mistari minne, mitano hivi.

"Tayari, baba!" anaita mwanamke aliyesimama nyuma ya mashine, kope zake nyeupe kwa unga.

Mwanamume anamwangalia, anaangalia debe lake, anaangalia kitabu. Anakirudisha kwenye rafu, analipa na kuondoka. Mwanamke anamsindikiza kwa macho mpaka anapopotelea kwenye migomba.

"Umeona?" anamwambia mwandishi. "Ndiyo kazi yangu siku hizi, kuwanyang'anya watu vitabu."

Anaitwa Mwaisha Pazi. Ana umri wa miaka 54, na ni mwaka wa kumi na tisa tangu ashike mashine hiyo baada ya mumewe kufariki. Mwenye mali ni Hashimu, mfanyabiashara wa Morogoro mjini, ambaye hupanda mara moja kwa wiki kuchukua mapato. Mwaisha anasaga, anasafisha, anabadilisha nyavu za kuchekechea unga na kusuluhisha wanaogombana. Vitabu ni vyake mwenyewe. Hakuna aliyemwomba aviweke pale, na mwanzoni wapo waliodhani anaviuza.

Mashine ya zamani ilikuwa ya dizeli, na ilikuwa na tabia zake. Haikuwashwa mpaka mahindi ya kutosha yakusanyike, maana kuiwasha kwa debe moja ilikuwa ni kuchoma mafuta bure. Ikisaga kidogo inachemka, inazimwa ipoe. Mtu aliyefika asubuhi aliweza kuondoka adhuhuri, na wa mwisho kwenye foleni akaambiwa arudi kesho.

"Watu walikaa hapa wamenuna," anasema Mwaisha. "Wakichoka kununa wanasengenya. Wakimaliza kusengenya wanagombana nani alitangulia. Nikasema hawa bora niwape vitabu, angalau wanyamaze."

Hivyo ndivyo anavyopenda kulieleza jambo hilo. Ukweli ni kwamba alikuwa na ugonjwa wa vitabu muda mrefu kabla ya kuijua mashine.

Alianza utotoni kwa kusoma kila karatasi iliyofungiwa sukari. Dukani akitumwa, alichelewa kurudi kwa sababu alisimama njiani kusoma gazeti la mwaka juzi, na sukari ikafika nyumbani imepungua. Mama yake alimchapa kwa ajili ya sukari, hakuwahi kumchapa kwa ajili ya gazeti. Alipomaliza darasa la saba jina lake halikutoka miongoni mwa waliochaguliwa kwenda sekondari, akalia siku nzima.

"Sikulilia shule. Nililia kabati la vitabu la shule," anasema. "Mwalimu alikuwa ameniachia ufunguo. Siku ile nikaurudisha."

Tangu hapo amekuwa akinunua vitabu vya mtumba vinavyotandazwa chini karibu na soko mjini. Kila aliposhuka kufuata dizeli alirudi na dumu mkono mmoja na kitabu kwenye mkono mwingine. Hachagui sana. Ana riwaya za mapenzi na za upelelezi, kitabu cha ufugaji wa nyuki, cha magonjwa ya watoto, kingine cha sheria za ardhi ambacho anadai kinachekesha kuliko vyote. Vingi havina jalada, basi wasomaji wamevibatiza majina yao wenyewe. Kipo Kile cha Nyuki, kipo Cha Daktari Mwongo, na kipo Kile cha Mirathi, riwaya nene ya juzuu mbili ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyogombaniwa kuliko nyingine zote.

Injini ikinguruma, kila mtu alisoma kivyake, maana hakuna aliyesikia hata jina lake likiitwa. Injini ikizimwa ipoe, mmoja alisimama kuwasomea wengine, wakiwemo wasiojua kusoma. Bingwa wa kazi hiyo alikuwa Bonifasi, mkulima wa karoti mwenye sauti nzito, ambaye hata leo akipita njiani watu wanamwita kwa jina la yule daktari mwongo.

"Dada Mwaisha alikuwa na hila," anasema Bonifasi akicheka. "Nikifika pazuri, mashine haipoi. Tunamuuliza, dada, bado haijapoa? Anaigusa kwa kidole, anasema bado ya moto. Huku kidole kinakaa palepale!"

Mwaisha hakani. Anasema tu kwamba injini ilikuwa ya Hashimu na kidole kilikuwa chake.

Sharti lilikuwa moja. Kitabu hakitoki mashineni, hata kwa dakika moja, hata kwa ndugu. Sharti hilo lilikuwa na sababu. Miaka ya mwanzo aliwahi kumwazima jirani riwaya aliyoipenda sana. Haikurudi. Wiki kadhaa baadaye alinunua bagia barabarani, akafungua karatasi ya kufungia, akakuta anausoma ukurasa wa riwaya yake.

"Ulifanyaje?" anaulizwa.

"Nilisoma ukurasa wote. Halafu nikala bagia. Ningefanyaje na pesa nimeshatoa?"

Anasema hivyo kwa utani, lakini aliapa siku hiyo kwamba hataazima tena, na kiapo hicho alikishika kwa muda wote uliobaki wa injini ya dizeli.

Kisha ukaja umeme. Nguzo zilifika Mlumbo mwaka jana, na Hashimu hakuchelewa. Aliiondoa injini, akafunga mota. Mota haihitaji kukusanyiwa mahindi wala kupoozwa. Unabonyeza, debe linamiminwa, unga unatoka, mtu anakwenda zake. Akina mama waliozoea kupoteza nusu siku sasa wanapita wakielekea shambani. Hakuna mtu Mlumbo anayetaka dizeli irudi, na Mwaisha mwenyewe hathubutu kuliomba jambo hilo.

Kwa upande wa pesa amenufaika. Analipwa kwa debe, na madebe yameongezeka. Enzi za dizeli mwezi mzuri ulimpa shilingi laki moja na ishirini. Sasa hata mwezi mbaya unampa laki mbili. Amepaua upya chumba chake cha nyuma na kifua kimeacha kumuuma kwa moshi.

"Ukiniuliza maisha, nitakwambia yamekuwa mazuri," anasema. "Ukiniuliza moyo, usiniulize."

Benchi limebaki tupu. Vumbi la unga, ambalo zamani lilifutwa na mikono ya wasomaji, sasa linakaa juu ya vitabu wiki nzima. Hashimu, ambaye si mtu mbaya, alimshauri aing'oe rafu aweke friji.

"Nilimwambia, dada Mwaisha, watu hawakuwa wanapenda vitabu, walikuwa wanasubiri tu," anasema Hashimu. "Mtu akisubiri hata lebo ya dawa ya mbu ataisoma. Sasa hawasubiri, basi na kusoma kumekwisha. Soda zingetoka."

Maneno hayo yalimchoma kuliko vumbi. Kama Hashimu yuko sahihi, basi kwa miaka kumi na tisa hakuwa na msomaji hata mmoja, alikuwa na watu waliokosa pa kwenda. Aliyafikiria kwa muda mrefu. Kulikuwa na njia moja tu ya kujua, nayo ndiyo ile aliyoapa kutoirudia: aviache vitabu vitoke, aone kama kuna atakayesoma bila kulazimishwa na foleni.

Mwezi wa saba akaanza. Na kwa kuwa hapendi kufanya jambo nusu nusu, alianza na Kile cha Mirathi, juzuu ya kwanza. Alimpa Zuleha, mama kijana anayelima maharage upande wa juu, karibu saa mbili kwa miguu kutoka mashineni. Zuleha aliahidi kukirudisha atakapokuja kusaga tena.

Alikuja kusaga tena, mikono mitupu. Akasema amesahau. Mara ya pili akatuma mahindi kwa jirani. Mara ya tatu hakuonekana kabisa.

"Nikaacha kula bagia," anasema Mwaisha. Safari hii hacheki.

Jumapili moja alifunga mashine, akajitanda kanga na kuanza kupanda. Mwandishi wa makala haya alifuatana naye, au kwa usahihi zaidi, alimfuata kwa nyuma akihema. Njia inapita kwenye migomba, kisha kwenye matuta ya mboga yaliyochongwa mteremkoni, na hewa inazidi kuwa ya baridi. Mwaisha hakuzungumza njia nzima ila mara moja, aliposema kwamba akikuta kitabu kimewashiwa moto, yeye atarudi zake kimya kimya na friji itawekwa.

Zuleha alikuwa uani akipepeta maharage. Alipomwona mgeni wake alisimama upesi, ungo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kitabu changu kiko wapi?"

Zuleha aliangalia chini. "Mama, karibu kwanza ukae."

"Sijaja kukaa, mwanangu. Kiko wapi?"

Hakikuwepo. Kilikuwa kimeondoka nyumba hiyo zaidi ya wiki tatu zilizopita. Zuleha alieleza kwa aibu, akiruka ruka maneno. Alikuwa akisoma jikoni huku maharage yakichemka, mumewe akauliza kinachomchekesha ni nini, akataka naye asomewe. Mume akamsimulia kaka yake. Kaka akaja kukiomba kwa siku mbili, kisha bila kuuliza akakipeleka kwa Gabrieli, mkulima wa juu zaidi, ukingoni mwa msitu, ambako watu hukusanyika kuosha na kufunga karoti za soko. Huko kinasomwa kwa sauti watu wakiwa kazini. Zuleha mwenyewe alikuwa hajakimaliza.

"Nilikuja kusaga nikaona haya kukwambia," alisema. "Nimekwenda kukidai mara mbili. Wanasema tukitoa sasa, karoti hazitafungwa."

"Nilikupa wewe," Mwaisha alisema. "Hao sikuwapa."

"Najua, mama. Nisamehe."

Mwaisha alitamka kitu kwa Kiluguru ambacho baadaye alikataa kukitafsiri. Akakaa kwenye kigogo, akavua viatu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye bado anataka aonekane amekasirika:

"Wamefika wapi?"

"Pale kwenye matanga," Zuleha alijibu haraka, "yule mke wa pili anapotokea na watoto, na nyumba ilishagawiwa."

"Mh. Hapo sasa."

"Mama, ile nyumba anaipata nani?"

"Sikwambii!" Mwaisha alisema, na hapo hasira ikamshinda kuishika. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na Zuleha, baada ya kumwangalia kwa wasiwasi, akacheka naye.

Kutoka kwa Zuleha hadi kwa Gabrieli ni mwendo mwingine wa kupanda. Mwaisha alikuwa na nguvu ya kufika, na kitabu kilikuwa chake. Hakwenda. Alikunywa uji aliopewa, akashuka, na safari ya kurudi alizungumza mfululizo, zaidi akimtaja Hashimu.

"Watu wa kule juu kwa Gabrieli hata hawasagi kwangu," alisema. "Wana mashine yao upande wa pili. Foleni yangu hawajawahi kuiona. Sasa aniambie wanasubiri nini."

Juzuu ya kwanza ya riwaya hiyo inaishia pabaya. Kikao cha ukoo kinakaa, mlango unagongwa, basi. Majibu yote yamo kwenye juzuu ya pili, ambayo ilikuwa rafuni Mlumbo, na ambayo Mwaisha anasema sokoni mjini hajawahi kuiona nyingine.

Siku iliyofuata mashine ilichelewa kufunguliwa. Mwaisha alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, anaisoma juzuu hiyo kurasa za mwisho kwa mara ambayo haikumbuki ni ya ngapi. Alipomaliza aliipangusa unga, akaitia kwenye mfuko wa sembe na kuufunga kwa kamba. Alimkabidhi kijana wa Gabrieli aliyekuwa amerudi kutoka mjini kuuza karoti, akamwonya isilowe.

Anaeleza mipango yake bila makeke. Nyongeza ya pesa za mota itanunua vitabu badala ya friji. Hashimu ameshaambiwa, amekuna kichwa, amekubali rafu ibaki. Kuanzia sasa vitabu vyote ruhusa kutoka. Anajua vingine vitafungiwa bagia. Akiulizwa kama hilo halimuumi, anasema linamuuma sana, na aulizwe jingine.

Kijana alikuwa ameshatundika mfuko begani na kupiga hatua chache, kisha akageuka.

"Bibi, wakirudishe lini?"

Mwaisha alikuwa ameweka mkono kwenye swichi. Alisita, akaitazama ile njia inayopanda.

"Wa upande wa pili wa mlima wamekisoma?"

"Hapana, bibi."

"Basi mnaniuliza kurudisha nini? Wapeni na hao."